Laini ya Kwenda Morogoro

Taa ndogo kando ya tundu la waya ilikataa kuwaka. Octavian alichomoa waya, akaupuliza, akauchomeka tena. Hakuna kitu.

"Waya ni mzima," alisema akitoka chini ya meza. "Kompyuta yenyewe ndiyo haijui kama ina kadi ya mtandao."

Fausta, karani wa mahakama, alitazama dirishani. Mvua ilikuwa imeikata barabara ya kwenda Morogoro, na fundi wao wa siku zote alikuwa amekwama upande wa pili. Ndiyo maana asubuhi ile alimpigia Octavian, mwenye kibanda cha kutengeneza kompyuta Mikumi, aje Kilosa na pikipiki yake.

"Huwezi kutumia simu?" Fausta aliuliza.

"Simu itanipakulia programu tu. Si umesema video yenu inapita kwenye laini hii ya waya peke yake?"

"Hiyo hiyo. Na jaji ameshakaa huko Morogoro, mshtakiwa naye ameshaletwa."

Kwenye benchi la ukutani alikaa mama wa makamo, viatu vyake vimejaa tope. Octavian alipoingia alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba bila kuinua uso. Fausta aliinama karibu na sikio la fundi.

"Mama Jastin, katoka Kidodi. Jastin ndiye mshtakiwa. Kesi ya mauaji."

Octavian hakuuliza zaidi. Aliwahi kumsindikiza mama yake kumpelekea kaka yake chakula mahabusu, akajua jinsi mzazi anavyonyamaza siku kama hizo. Aliinamia kazi kwa bidii kuliko alivyokuwa amekusudia.

Alipakua draiva mpya kwa simu, akaihamishia kwenye kompyuta, akaiweka. Kompyuta ilizima, ikawaka. Taa haikuwaka.

"Draiva imegoma," alisema.

"Dereva gani, mwanangu?" Ilikuwa mara ya kwanza mama yule kusema neno.

"Si wa gari, mama. Ni programu ndogo inayoifundisha kompyuta kuongea na kadi yake ya mtandao. Mpya nimeweka. Ila kadi hii imejengwa ndani ya ubao mkuu wa kompyuta, na ubao nao una programu yake ya ndani. Imezeeka, inaificha kadi. Lazima niibadilishe na hiyo."

"Basi ibadilishe."

"Tatizo ni umeme. Ukikatika wakati naibadilisha, ubao unakufa, na kompyuta ndiyo basi."

Wote watatu waliitazama balbu ya darini. Tangu mvua ianze ilikuwa ikififia na kurudi. Betri ya akiba chini ya meza ilikuwa imekufa zamani.

Fausta alishusha pumzi. "Labda niwaambie Morogoro kwamba tumeshindwa."

"Usiwaambie," mama alisema. Hakupaza sauti. "Fanya, mwanangu. Mimi nguvu za kuja tena sina."

Octavian alibonyeza.

Mstari mweupe ulianza kutambaa kwenye kioo. Mama alifumba macho akasali kwa Kividunda. Octavian hakuijua lugha ile. Alichoambulia ni majina mawili, Jastin na Innocent, yakirudiwa rudiwa. Mstari ulipofika katikati balbu ilififia hadi ikawa nyuzi nyekundu. Feni ndani ya kompyuta ilipunguza mwendo. Fausta aliushika ukingo wa meza.

Balbu ikarudi. Mstari ukaendelea kutambaa, ukamalizika.

Kompyuta ilipowaka tena, aliirudia ile draiva. Safari hii iliingia bila ubishi. Kando ya tundu la waya taa ya kijani ikapepesa, ikatulia.

"Tayari, mama," alisema.

"Atanisikia vizuri?"

"Atakusikia, na atakuona."

Mama alijifunika kanga kichwani, akaifunga vizuri chini ya kidevu. Octavian alisogea pembeni kumpisha. Moyoni alishukuru kwamba hakukata tamaa.

Picha ilifunguka. Jaji alikuwa amekaa juu, mawakili chini yake, na kizimbani kijana mwembamba ambaye shati lilimpwaya mabegani. Wakili wake alikuwa tayari amesimama.

"Mheshimiwa Jaji, upande wa mashtaka ulipewa leo kuwa nafasi ya mwisho. Mtu mmoja tu ndiye anayedaiwa kuliona tukio, na kila mara hapatikani. Kama leo tena hayupo, naomba mteja wangu aachiwe, arudi nyumbani."

"Hilo nililisema, na nitalitekeleza," jaji alijibu. Kisha akaitazama kamera. "Kilosa, mnanisikia? Shahidi yupo?"

Octavian aligeuka kutazama mlangoni. Koridoni hapakuwa na mtu. Kwa ajili ya yule mama, alifurahi.

"Yupo, Mheshimiwa," Fausta alisema.

Mama Jastin aliinuka kwenye benchi, akaketi kwenye kiti kilicho mbele ya kamera. Fausta alimpa Biblia, naye mama akaapa. Kule kizimbani kijana alimwona, uso ukamchangamka, akainua mkono.

"Mama," wakili wa Serikali alianza, "marehemu Innocent alikuwa nani kwako?"

"Mwanangu wa mwisho."

"Aliyemkata panga ulimwona?"

"Nilimwona," alisema. "Ni huyo anayenipungia mkono."