Aliyeruka Mbele ya Nyoka

Nyoka alimuuma Élisée kwenye kifundo cha mguu, na Mbayo akakataa kutupa dadu.

"Tupa, Mbayo," Stanislas akasema. "Mutu ni wako, kifo ni yako."

Nyoka hakuwepo, wala Élisée mwenyewe. Palikuwa na meza tu barazani kwa mwalimu Stanislas, hapa Kamina, birika la chai juu ya mbabula ya makaa, na kitabu kikuukuu cha Kifaransa alichokiacha padri mmoja. Kitabu chenyewe ni cha mchezo. Kila mchezaji anajitungia mtu, anampa jina, anamwandikia karatasi yake, kisha anamtembeza mapangoni kwa maneno na dadu ya pande ishirini. Stanislas ndiye mshika kitabu na hakimu. Julie, karani wa ofisi ya komini, ana mchawi wake. Mbayo ana askari, Élisée, na mfuasi wa kumbebea mwenge, Kabange.

Julie hachoki kumtania kwa jina hilo. "Kabange iko huku, sasa Kyungu yake alibakia wapi?" Kila Mluba anajua: mapacha, au mapasa kama tusemavyo huku, wakizaliwa, wa kwanza ni Kyungu, wa pili ni Kabange, na hakuna mzazi wa kuchagua. Mbayo alilipenda jina, basi, akalichukua.

Lakini kitabu kile, jamani, hakina huruma! Michezo ya siku hizi, wanasema, mtu akianguka hupewa nafasi ya kuinuka. Hiki cha zamani, sumu ikikuingia unatupa dadu mara moja tu, na ukipata chini ya kumi na nne umekufa, hakuna mganga, hakuna rufaa. Meza ya Kamina nayo ikaongeza la kwake. Karatasi ya marehemu huchomwa kwenye mbabula, wote huliita jina lake kwa sauti, na jina hilo halirudi tena duniani. Na anayeondoka mezani katikati ya mchezo amemwua mtu wake kwa mkono wake.

Mbayo alikuwa roho mkononi. Askari yule alimpa jina la marehemu baba yake, kwa kujivunia tu. Baadaye mkewe Lise, ambaye mimba yake ya kwanza ilitoka, akashika nyingine, na ukoo mzima ukapatana: awe wa kiume au wa kike, mtoto ataitwa Élisée. Na asubuhi ya leo Lise alikuwa amepelekwa materniti kujifungua.

"Angalia tumbo ile!" mama mkwe wa Mbayo, Mama Nathalie, alikuwa amecheka huku akimsukuma nje ya mlango. "Mutoto atakuwa munene sawa baba yako. Weye enda, utatusumbua hapa. Tutakupigia."

Picha ya tumbo hawakuwahi kupiga, maana siku waliyokwenda umeme ulikuwa umekatika. Mbayo alirudi nyumbani, nyumba haikukalika. Akaja mezani akidhani atasahau kidogo, simu mapajani. Amesahau nini! Sasa jina la mwanawe lilikuwa mbele yake, kwa mwandiko wake mwenyewe, likingoja dadu.

Hakuwa mtu wa ushirikina, na angekwambia hivyo hata kabla hujamuuliza. Lakini kuliita jina la mtoto kwenye moshi, saa hiyohiyo mtoto anapotafuta njia ya kuja? Mzaha mzaha hutumbua usaha. Jasho lilimtoka mpaka dadu ikateleza kiganjani.

"Unangojea nini?" Julie akasema. "Iko mchezo tu, Mbayo."

"Minyi najua iko mchezo."

"Basi tupa."

Mbayo alifunua kitabu kwa haraka, akatafuta, akakita kidole kwenye ukurasa. "Mufuasi anaweza kuruka mbele ya bwana yake. Imeandikwa. Kabange anaruka mbele. Nyoka anamuuma Kabange."

Stanislas akasoma, akatikisa kichwa kwa kukubali. "Kitabu kinakubali. Lakini yule kijana alikutumikia muzuri."

"Anaruka," Mbayo akasema.

Akatupa. Dadu ikabiringika, ikagonga kikombe cha Julie, ikatulia. Tatu.

"Alishakufa," Stanislas akasema.

Mbayo nusura acheke. Yeye mwenyewe aliinua birika, akailaza karatasi ya mfuasi juu ya makaa na kuipuliza mpaka ikashika moto. Wakasimama wote watatu, wakaita: "Kabange! Kabange!" Sauti ya Mbayo iliwapita wenzake, hata jirani akachungulia juu ya ua.

"Weye unafurahia matanga ya mutu yako?" Julie akamuuliza.

"Élisée iko muzima. Inatosha."

Simu, aliyokuwa ameiweka ukingoni mwa meza, ikalia. Aliidaka kabla haijaanguka chini. Ilikuwa ni Mama Nathalie, na nyuma yake mtoto alikuwa akilia kwa nguvu zake zote. Mbayo akakaa.

"Lise anaendelea muzuri," mama mkwe akasema. "Asante Mungu."

"Namusikia, Mama! Namusikia Élisée!" Machozi yalikuwa yakimtoka, hakujali.

"Ile jina ya baba yako itangojea, mwana wangu. Beko babili. Ni mapasa."

Mbayo akageukia makaa. Kwenye mbabula karatasi ilikuwa imekwisha, moshi mwembamba ukipanda.

"Huyu unasikia njo Kyungu," Mama Nathalie akasema, na sauti yake ikashuka. "Muombe na bale bandugu beko pale. Kabange hajalia bado."