Jina la Mama Kwanza

Siku hizi mashine ya mji humtafuta mtu kwa jina la mama kwanza, kisha lake. Ukikosa la mama, itapekua watu wote mmoja mmoja, na unaweza kufa ukisubiri.

Mzee aliyefika dirishani kwangu ofisini ni baba yangu. Hakunitambua.

“Namtafuta mwanangu Tunu. Figo zangu zimefeli. Nisaidie, binti yangu.”

“Mama yake anaitwa nani?”

“Mama Tunu.”

“Jina lake mwenyewe, mzee.”

Akakuna kichwa. Miaka yote ya ndoa alimwita hivyo, au “we mwanamke,” mpaka alipotutupa.

“Basi tafuta hivyo hivyo.”

“Kaa pale usubiri.”

Nilipofunga ofisi, bado alikuwa benchini.

Nyumbani mama aliniuliza, “Tunu, habari za kazi?”

“Njema,” nikamjibu. “Mama, Siwatu ni jina zuri mno.”