Kifundo cha Chausiku

Asubuhi hiyo klabu mbili za mpira zilikuwa zimebadilishana wachezaji chipukizi, binti kwa binti, na kwa kanuni ya siku hizi, klabu zikibadilishana wachezaji, nyumba nazo hubadilishana watoto. Ndiyo maana wakala Kilindo alisimama mlangoni kwa Sikujua pale Muheza akiwa na binti mgeni, na Chausiku, binti aliyezaliwa na Sikujua, ameshapandishwa basi la Tabora.

"Shikamoo, mama," alisema binti.

Sikujua hakuitikia. Alimkazia macho wakala. "Mwanangu ana kasoro gani?"

"Hana, dada. Mashine ya klabu ya kupima wachezaji imeona tu kwamba kifundo chake cha mguu wa kushoto kitalegea ukubwani. Huyu hapa mifupa yake ni chuma."

"Kifundo hicho nimekikanda mimi tangu anatambaa. Mashine yenu imemkanda nani? Hata ng'ombe mnadani hukaguliwa mbele ya mwenyewe."

Kilindo akatabasamu kama mtu aliyezoea kusemwa, akaaga akaenda zake.

Binti akaingia ndani bila kukaribishwa. Akavua viatu, akavipanga pale pale Chausiku alipokuwa akiweka vyake, akanawa mikono, akakaa mkekani kungoja ugali. Utulivu ule ulimchoma Sikujua kuliko maneno ya wakala. Mtoto gani huyu asiyelia?

"Mama yako anajua kama uko hapa?" akamuuliza kwa ukali.

Binti akainua uso, akafikiri kidogo, kama anayeogopa kukosea jibu.

"Yupi, mama?"