Uzi Mwekundu wa Kikombe

Mwatumu aliporudi kutoka hospitali hakuvua hata baibui. Alipitiliza jikoni, akakishika kikombe chake. Tangu magamba yalipomtokea viwikoni, alikuwa amekifunga uzi mwekundu kwenye kishikio, mtu asije akakosea akakinywea.

“Mama, ugonjwa wangu hauambukizi!” alimwambia mama mkwe wake, Bi Mize, aliyekuwa akichuja chai. “Wamekata kipande cha ngozi wakakipima. Ni ngozi yangu tu, inaota mbio kupita kiasi. Na dawa nimepewa.”

“Alhamdulillahi,” alisema Bi Mize, wala hakuonekana kushangaa.

Mwatumu alichukua kisu aukate uzi, mkono ukasita. Yeye alifunga fundo gumu. Hili lilikuwa la kitanzi, la kuvuta tu likafunguka.

“Mama, nani ameufungua huu?”

“Mimi. Kila ukienda sokoni naufungua, nakinywea chai yangu, kisha naurudisha usije ukaniona. Ulitaka nikuache unywe peke yako, mwanangu?”

Mwatumu aliweka kisu chini. Akauvuta uzi taratibu, Bi Mize akamimina chai. Kikombe kikakaa katikati yao kinafuka, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze.