Viti Vitatu

Maimu alimkuta jirani yake, Zinaida, akipanga viti vitatu katikati ya sebule.

"Unasafiri, dada?"

"Siendi popote. Nchi ndiyo inayokwenda."

Nje, askari Warusi wa utawala mpya walikuwa wakipigilia nguzo za mpaka katikati ya barabara. Asubuhi walimwambia Zinaida kwamba yeye ni Mrusi, kwa hiyo mpaka umesogezwa hadi barabarani ili yeye na nyumba yake warudi Urusi. Zinaida alikuwa amezaliwa katika nyumba hiyohiyo. Walipoondoka, alikumbuka desturi ya mama yake: Mrusi hashiki njia mpaka watu wote wa nyumba wamekaa pamoja, kimya, kwa kitambo kidogo. Akikosekana mmoja, safari huingia nuksi.

"Kaa, Maimu. Wewe si Mrusi, lakini miaka arobaini umekula humu."

Maimu akakaa karibu na dirisha. "Na hiki kingine?"

"Cha mume wangu. Yefim ametoka kununua mkate."

Duka la mkate lilikuwa ng'ambo ya barabara, upande wa pili wa nguzo.

Zinaida akaketi, akafumba macho. Nyundo zilikuwa zimefika mbele ya lango lao, kila pigo likitikisa vikombe kabatini. Kisha zikanyamaza zote kwa pamoja, na mtu akapiga kelele kwa Kirusi: simama!

"Anakuja?" Zinaida aliuliza, macho bado kayafumba.

Maimu alichungulia. Ng'ambo ya nguzo, Yefim alikuwa akirudi kinyumenyume kuelekea dukani, polepole, mikono yote miwili juu, mkate ukiwa katika mkono mmoja.

"Anakuja," alisema Maimu. "Usifumbue macho kwanza."