Dirisha Jekundu la Mzee Hezroni

Mzee Hezroni alikohoa mara tatu, kikohozi cha mtu mwenye kifua kibovu, na hakuna aliyemsikia. Mashine ya kukoboa mpunga ya jirani ilikuwa inanguruma. Mkamwana wake Rut, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa anatoka bombani na ndoo kichwani. Alipoinua macho, baba mkwe alikuwa hatua kumi mbele yake. Rut akajitupa mtaroni, kwenye migomba. Ndoo ikabingirika, maji yakaenda kila upande.

Mzee akageuza uso, akapita.

Sylvester, fundi wa redio na simu kutoka Mbugani, hukohuko Kyela, aliyaona yote akiwa juu ya paa la mzee, kwenye kazi ya dirisha. Yeye kwao ni Singida, na pale kijijini Ipinda alikuwa hajawahi kufika. Alishuka mbio kumwinua yule dada.

"Umeumia?"

"Hapana. Wiki hii ni mara ya pili tu," Rut alisema, akijipangusa tope na kucheka. "Kwetu mkamwana haonani na baba mkwe uso kwa uso, wala hatusemezani. Akitokea, napisha. Ni heshima."

Heshima! Sylvester alirudi juu amekasirika kwelikweli. Mtu anaanguka na mimba yake, na mzee anachowaza ni dirisha.

Na dirisha lenyewe lilikuwa la maringo. Andrew, mume wa Rut, alikuwa ameliweka kwenye paa, juu ya chumba cha baba yake, ili litoe joto. Lilifunguliwa na kufungwa kwa rimoti. Mtu angetaka nini zaidi? Mzee yeye alitaka alifunge kwa simu, hata akiwa mbali barabarani. Tena alikuwa amelipaka rangi nyekundu. Asubuhi hiyo alikwenda mpaka bombani, akasimama pale akilitazama, kisha akarudi anatabasamu.

"Fundi, linaonekana mpaka bombani!"

"Hongera," Sylvester alijibu, bila kumwangalia.

Kazi haikuwa ngumu. Alifungua rimoti, akachomelea nyaya nyembamba kwenye vitufe vyake viwili, akaziunganisha na rilei mbili, yaani swichi za umeme, na saketi ndogo yenye laini ya simu. Ukituma ujumbe, rilei inabonyeza. Rimoti maskini inadhani ni kidole.

"Nikuwekee na kihisi cha mvua," alimwita mzee kutoka juu. "Ikinyesha, lijifunge lenyewe."

"Hapana. Lifungwe na mimi tu."

"Mzee, hii ni Kyela! Utanyeshewa kitandani."

"Acha ninyeshewe."

Kiburi hicho sasa, Sylvester aliwaza. Lakini alikuwa na roho nzuri, akaongeza: "Na hicho kikohozi, nenda hospitali."

Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. "Wewe maliza kazi. Kitapona."

Mchana ukafika wakati wa kujaribu. Mzee alichukua simu yake, akaelekea njia panda, dirisha likiwa wazi. Mkewe, Mama Anyisile, alimwita Rut jikoni na kumnong'oneza kitu, wakacheka wote wawili. Sylvester hakuwalaumu. Hata yeye angemcheka mzee wa namna ile.

Baadaye Rut akachukua ndoo, akaenda bombani. Mashine ya mpunga ilikuwa inanguruma vilevile. Sylvester alisimama chini, mikono kiunoni, akimwona anarudi na ndoo imejaa mpaka ukingoni. Safari hii hakukimbia. Alitembea polepole kwa mimba yake, na kila baada ya hatua chache aliinua macho kwenye paa.

Mota ikalia. Dirisha jekundu likashuka taratibu, likajifunga.

Rut akasimama. Akashika ndoo kwa mkono mmoja, akakata kona bila haraka yoyote, akapita nyuma ya jiko na kuingia ndani.

Muda mfupi baadaye mzee akatokea barabarani, mikono nyuma, anapiga mluzi. Hakukohoa hata mara moja; dirisha lilikuwa limekwisha kohoa kwa niaba yake. Alipofika pale kwenye mtaro alisimama, akaikagua njia yote kwa macho.

"Limefunga, mzee," Sylvester alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Hilo nimeliona mwenyewe. Ndoo je?"

Sylvester aliitazama njia. Ilikuwa kavu mpaka jikoni.

"Haikumwagika hata tone."

"Ndaga fijo, fundi," mzee alisema. "Asante sana." Akaketi kizingitini, akajifuta macho kwa kofia yake.