Barua Zilizoanikwa

Bibi hakuitazama sahihi yake mwenyewe. Aliinua barua, akaipeleka puani.

Ubaid, mkusanyaji wa barua za watu mashuhuri, akangoja. Barua hizi alizinunua kwa warithi wa mwimbaji wa taarabu wa Malindi. Leo amefika Takaungu kwa bibi huyu, shoga wa marehemu na mwimbaji mwenzake, kumwomba zile ambazo marehemu alimjibu. Kwa miaka alitamani kuzikutanisha.

"Maneno nayajua, mwanangu, niliyaandika mimi," bibi alisema. "Lakini shoga yangu aliziweka kwenye sanduku la nguo, na kila Ijumaa akilifukiza udi. Mbona hazinukii?"



"Nilizianika, bibi. Nilichelea zisije zikaota kuvu."

Bibi akaishusha barua taratibu, akaikunja palepale ilipozoea kukunjwa. Kisha akavuta leso alimofunga zile za shoga yake, akalegeza fundo kidogo tu, akainamisha uso, akavuta pumzi.

Alilikaza tena upesi, harufu isije ikaisha.